Webley Mk VI ya 1917 iliyochongwa ipigwe .45 ACP: ninunue au niache?

Swali limetoka kwa msomaji Mkenya anayeishi Dallas, nimelifupisha: "Nimeona rivolva ya Webley Mk VI ya 1917 kwenye maonyesho ya silaha hapa Texas, jamaa anataka dola 700. Anasema silinda ilichongwa zamani ili ikubali .45 ACP kwa hiyo risasi napata duka lolote. Kitasa cha juu kinacheza kidogo na kifyatulio kinarudi kivivu. Anasema pia ilitumika na KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) huko kwetu, na babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa hiyo KAR, akapelekwa hadi Burma 1944, ndo maana roho imeipenda. Niinunue? Naweza kuitengeneza mwenyewe? Na ni salama kuipiga?"

Kaka, nianze na jambo ambalo linaweza kukutoa kidole au jicho halafu hayo mengine tutayafikia. Usiweke .45 ACP za kawaida kwenye hiyo bastola. Hata moja ya kujaribu usiweke, hata kama muuzaji anakuapia kwamba yeye mwenyewe amepiga boksi zima na hakuna kilichotokea. Risasi kuingia kwenye tundu ni jambo moja, na chuma kuweza kuihimili ni jambo lingine, na kwa hizi Webley zilizochongwa hapo ndo watu wanapoharibikiwa.

Ngoja nikueleze ilikuwaje. Mk VI iliingia jeshi la Uingereza Mei 1915, ilitengenezwa na Webley & Scott pale Birmingham, na baada ya vita kiwanda cha serikali cha Enfield nacho kikatengeneza kati ya 1921 na 1926. Risasi yake ni .455, fupi na nene, kichwa cha risasi grein 265 kinatembea polepole, kama futi 600 na kitu kwa sekunde, na presha yake ya juu kabisa ni karibu paundi elfu 13 kwa inchi ya mraba. Sasa miaka ya 50 na 60 Waingereza wakaziuza hizi bastola kwa mafungu, nyingi mno zikaja Marekani, ila risasi za .455 huku zilikuwa adimu wakati .45 ACP za jeshi zilikuwa zimejaa kila kona kwa bei ya kutupa. Wafanyabiashara wakaona njia ya mkato, wakachonga uso wa nyuma wa silinda kama milimita moja na kidogo, ukatokea nafasi ya kuingiza .45 ACP zikiwa zimeshikwa na zile klipu za chuma za umbo la nusu mwezi, bastola ikauzika. Hakuna aliyeibadilisha chuma. Silinda ni ileile ya 1917 yenye kuta zilezile, lakini sasa inaambiwa ibebe risasi ambayo kiwango chake cha juu ni paundi elfu 21. Kwa lugha rahisi, .45 ACP ya dukani ya kawaida kabisa, wala siyo ile ya nguvu ya ziada, inapita hata kile kipimo walichotumia wakaguzi kuijaribu bastola ikiwa mpya kiwandani. Yaani kila ukifyatua ni kama unarudia mtihani wa kiwanda kwa mzigo mkubwa zaidi kwenye chuma cha miaka mia na zaidi.

Na huyo muuzaji huenda hata hadanganyi anaposema amepiga boksi zima. Hizi bastola mara nyingi hazipasuki siku ya kwanza, zinachoka taratibu: kwanza kitasa kinaanza kucheza, halafu bawaba ya mbele pale mtutu unapokunjika inalegea, nafasi kati ya silinda na mtutu inaongezeka, halafu siku moja silinda inapasuka pale ambapo ukuta ni mwembamba kuliko kote, yaani kwenye vile vishimo vya kufungia silinda upande wa nje. Sasa rudi usome swali lako mwenyewe, umesema kitasa cha juu kinacheza. Kwenye bastola iliyochongwa, mimi hiyo naisoma kama historia ya matumizi yake, mtu ameipiga .45 ACP kwa muda na imeanza kulegea. Inawezekana ni spring ya kitasa tu imechoka, lakini hilo mpaka lithibitishwe kwa kuangaliwa, siyo kwa maneno ya anayeuza.

Kwa hiyo ukirudi pale mezani fanya hivi. Mwombe ruhusa kwanza, ifungue, hakikisha matundu yote sita ni matupu, angalia kwa macho halafu pitisha na kidole. Kisha ifunge na uitazame kwa ubavu, kwenye iliyochongwa utaona mwanya mpana kati ya mgongo wa silinda na ukuta wa fremu nyuma yake, na ile nyota ya kutolea maganda inaonekana kama imetokeza kuliko kawaida. Linganisha namba ya kwenye fremu na ya kwenye silinda, zikitofautiana maana yake silinda imetoka kwenye bastola nyingine na huwezi kujua nani aliifunga na kama aliipima. Halafu shika mtutu kwa mkono mmoja na kishikio kwa mkono mwingine, jaribu kuutikisa juu chini na kulia kushoto, mchezo mdogo sana unaosikika kwa vidole unavumilika kwa umri wake lakini ukiuona kwa macho achana nayo. Vuta nyundo pole pole kwa dole gumba huku kidole cha mkono mwingine kinaizuia silinda kidogo tu, nyundo ikifika mwisho silinda iwe imejifunga yenyewe barabara, fanya hivyo kwa matundu yote sita manake moja tu likichelewa kichwa cha risasi kitaingia mtutuni kwa pembeni na vipande vya risasi vitaruka kando. Usiachie nyundo ikapiga bure, ishushe kwa dole gumba, ncha ya hizi nyundo inaweza kuvunjika na kuipata nyingine ni kazi.

Mulika ndani ya mtutu kwa tochi ndogo. Risasi za zamani za jeshi zilikuwa na viwashio vinavyoacha chumvi na hiyo chumvi inakula chuma usipoosha siku ileile, kwa hiyo vishimo-vishimo vya kutu ni kawaida sana. Vikiwa vichache na mistari ya ndani bado inaonekana imesimama vizuri, itapiga na italenga. Kitu cha kuogopa ni pete, yaani sehemu moja mtutu umevimba kama duara, hiyo ni dalili kwamba kuna kichwa cha risasi kiliwahi kukwama ndani na mtu akafyatua kingine nyuma yake. Mtutu wa hivyo sinunui kwa bei yoyote.

Sasa hii habari ya KAR. Naelewa kabisa roho yako ilipo, na sitaki kuikanyaga, ila bei isipande kwa sababu ya hadithi. Askari wa Keya walibeba bunduki, siyo rivolva. Ukimtazama yule askari wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 anashika bunduki yenye singe, na ndivyo ilivyokuwa, rivolva zilikuwa za maofisa, ambao wakati huo walikuwa wazungu, pamoja na watu wachache wa kazi maalum. Kwamba Mk VI zilifika kwetu hilo halina ubishi, vita vya Afrika Mashariki viliendelea mpaka jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, na maofisa wa Kiingereza walikuwa nazo viunoni. Lakini babu yako alikuwa Burma 1944, huo ni wakati wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikishuka bonde la Kabaw, na rasmi jeshi lilikuwa limeshahamia rivolva ndogo ya Enfield No. 2 ya .38 tangu 1932, japo Webley kubwa ziliendelea kuonekana mpaka zilipoondolewa rasmi 1947. Kwa hiyo ofisa wa babu yako angeweza kuwa na mojawapo, babu mwenyewe karibu nina hakika alibeba Lee-Enfield. Kama unatafuta kitu cha kukaa nacho kwa heshima ya mzee, bunduki ya Lee-Enfield ya wakati ule ingemwakilisha vizuri zaidi, na ni rahisi zaidi kuipata ikiwa salama na risasi zake bado zinatengenezwa.

Kuthibitisha madai ya muuzaji angalia mgongo wa kishikio, vikosi vingine vilipiga chapa ya herufi na namba pale. Kama hakuna chapa na hakuna karatasi, basi ni Webley ya 1917 kama nyingine, mwambie hivyo kwa heshima tu. Na wengine wanakuongezea singe fupi ya Webley kama zawadi ili ulainike, hizo nyingi ni za kuigiza zilizotengenezwa baadaye sana, usizihesabu kwenye bei.

Bei yenyewe: dola 700 kwa iliyochongwa na kitasa kinacheza mimi naona ni nyingi. Ambayo haijachongwa huuzwa ghali zaidi na inastahili, kwa sababu ile ni bastola kamili na hii yako ni bastola iliyokatwa sehemu yake muhimu kuliko zote. Chuma kilichochongwa hakirudi. Kuna watu wanatafuta silinda nyingine isiyochongwa na kuibadilisha, inawezekana, lakini silinda ya Webley siyo kitu cha kuchomeka tu na kuondoka, inabidi fundi apime mwanya wa mbele na wa nyuma, aangalie kila tundu linasimama sawasawa na mtutu, na akimaliza hesabu ya silinda na ya fundi utakuta umelipa zaidi ya bei ya nzima.

Swali la kuitengeneza mwenyewe, nakugawia kazi mara mbili, yako na ya fundi. Yako ni kusafisha. Vua vile vibao vya kishikio, safisha mafuta yaliyoganda ndani, manake mara nyingi sana kifyatulio kinachorudi kivivu tatizo lake siyo spring bali ni grisi ya zamani imekuwa kama gundi baada ya miaka sitini kabatini. Tumia bisibisi zinazoenea kwenye mfereji wa skrubu kisawasawa, mifereji ya skrubu za Webley ni myembamba na bisibisi ya jikoni itaichana, na skrubu za Kiingereza za kipimo kile hutazipata duka la vifaa. Usiisugue kwa msasa wala usiipake rangi mpya ya bluu, ule weusi uliochakaa ndo thamani yake, ukiing'arisha umeifuta tarehe. Vibao vyeusi ni vya mpira mgumu na vinavunjika kwa urahisi, usivilazimishe.

Ya fundi ni hiyo spring kubwa ya ndani. Ni ya umbo la V, inasukuma nyundo na pia inasaidia kurudisha mambo mahali pake, na ikiwa imekandamizwa ina nguvu ya kuruka na kukupiga usoni au kukatika vipande viwili ukiibana vibaya. Kitasa nacho ni cha fundi, asiyejua anakichonga au anakijaza kwa kulehemu ili kibane, halafu bastola inaonekana imepona kumbe kitasa ndicho kinachoufunga mtutu na fremu wakati wa mlipuko, na umekilainisha kwa moto. Tafuta fundi bunduki ambaye ameshafungua Webley kabla, siyo yule wa bastola za kisasa tu, na umuulize kabisa: utaupimaje mwanya wa silinda, utaipimaje bawaba? Akianza kukujibu kwa vipimo, mwachie. Akisema tutaona tu, chukua bastola yako nenda.

Sasa kuipiga. Kama fundi ameipitisha, iwe imechongwa au haijachongwa, sheria ni ileile, presha isizidi ile ya .455. Kwa ambayo haijachongwa ni rahisi, Fiocchi wanatengeneza .455 Mk II mpya kabisa, na Starline wanauza maganda kwa wanaojaza wenyewe. Hapa uwe makini na majina: Mk VI ni aina ya bastola na Mk II ni aina ya risasi, usichanganye namba, ukiona boksi la zamani la jeshi limeandikwa Mk VI hiyo ni risasi ya 1939 yenye koti la chuma, iweke kabatini iwe ya kumbukumbu. Na kuna .455 nyingine iliyotengenezwa kwa bastola ya otomatiki ya Webley, hiyo ina nguvu nyingi zaidi, usiitie kwenye rivolva kabisa hata kama inaonekana kuingia.

Kwa iliyochongwa njia yenye akili ni ganda la .45 Auto Rim, ambalo lina ukingo mnene uliochukua nafasi ya ile klipu, likajazwa kwa kichwa laini cha madini ya risasi matupu (lead) bila koti la shaba, na baruti kidogo kufuata kitabu cha mtengenezaji wa baruti kwa presha ya .455, siyo kufuata jedwali la .45 ACP ukapunguza kwa kukisia. Kama hujawahi kujaza risasi basi usijifunzie kwenye silaha hii, jifunze kwanza kwa mtu kwenye silaha ya kisasa. Na siyo kila boksi lililoandikwa Auto Rim ni laini, mengine yanafika presha ya .45 ACP, kwa hiyo mpigie mtengenezaji au andika barua pepe uulize presha kwa namba. Neno laini kwenye boksi halipimi kitu. Kwa nini madini ya risasi matupu? Kwa sababu matundu ya silinda za Mk VI mengi yana mdomo mwembamba kuliko upana wa mtutu wenyewe, risasi za asili zilikuwa na kitako chenye shimo kinachotanuka kikifika mtutuni, kichwa kigumu chenye koti kinabanwa pale mdomoni na kupandisha presha halafu kikifika mtutuni kinalegea na hakilengi.

Siku ya kwanza uwanjani weka risasi moja tu, siyo sita. Miwani ya usalama, vizuia sauti masikioni, na hakuna mtu wa kusimama ubavuni kwako manake kwenye mwanya wa silinda moto na vipande vinatokea kulia na kushoto. Fyatua, fungua, litazame ganda: limevimba upande mmoja? limepasuka? kiwashio kimebonyea pembeni badala ya katikati? Ukiona hata moja, siku imeisha, rudisha kwa fundi. Ikiwa safi weka mbili, halafu tatu. Ukifyatua ukasikia mlio dhaifu kama pafu, SIMAMA, usifyatue tena, fungua utoe kila kitu upitishe kijiti mtutuni uhakikishe ni wazi, zile pete nilizokuambia hivyo ndivyo zinavyozaliwa, na kwa risasi za kasi ndogo kama hizi kukwama siyo jambo la kusimuliwa tu. Ukifyatua pasitokee kitu kabisa, endelea kuielekeza mbele nusu dakika nzima kabla ya kufungua. Baada ya kila siku ya kupiga ikague bawaba na kitasa upya kwa ule mtikiso wa mezani. Ikianza kucheza zaidi, istaafishe ikae kwenye sanduku la kioo.

Karatasi sasa, fupi. Bastola ya 1917 siyo antiki kisheria huko, mstari wa antiki kwa sheria ya shirikisho ya 1968 ni iliyotengenezwa 1898 au kabla, iliyopita miaka 50 ikiwa katika umbo lake la asili huangukia kundi la silaha za wakusanyaji (curio and relic), ila kwa kuwa yako imechongwa usichukulie kwamba imo mpaka uthibitishe, na vyovyote vile bado ni silaha kamili. Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni utajaza fomu 4473 na utachunguzwa. Ukiipata kwa mtu wa jimbo jingine lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni wa jimbo lako, isipokuwa ikiwa imo kwenye hilo kundi na umechukua leseni ya mkusanyaji kutoka ATF, shirika la serikali linalosimamia silaha, dola 30 kwa miaka mitatu, na kama una mpango wa kukusanya zaidi ya moja ichukue. Muhimu kuliko yote, kama uko kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida sheria ya shirikisho inakukataza hata kuwa nayo, isipokuwa kwa vibali vichache kama leseni ya kuwinda. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Kama hali yako iko katikati muone wakili wa uhamiaji kabla ya kumpa mtu yeyote dola, hiyo kesi moja inaweza kukurudisha nyumbani.

Na tafadhali usije ukaiweka kwenye mzigo wa kwenda Kenya ili ukawaonyeshe wazee, hata ikiwa imevunjika, hata vipande. Sheria ya Silaha Sura 114 haijali kwamba ni ya 1917, bila kibali cha Bodi ya Leseni za Silaha utakamatwa Jomo Kenyatta na hapo hakuna hadithi ya babu itakayokuokoa. Wapelekee picha kubwa iliyochapishwa vizuri na habari za kikosi cha mzee, hiyo ndo itawafurahisha.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningemwambia huyo jamaa dola 400 na ruhusa ya fundi wangu kuikagua kabla pesa haijatoka mkononi, akikataa ukaguzi naondoka, zipo nyingine nyingi. Na ukienda naomba unitumie picha tatu: mgongo wa silinda ukiwa wazi, ubavu wa bastola ikiwa imefungwa ili nione ule mwanya, na namba ya fremu na ya silinda kwenye picha moja, nikizipata nitakuambia kama hata hiyo 400 inafaa.